Mpini na Noleo: Habari za Kisu cha Kukunja

Leo twataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mnacho mfukoni, nacho ni kisu cha kukunja. Siku moja tulikuwa Vigwaza, katika njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, si mbali na mto Ruvu, tukawakuta wazee wawili wakibishana barazani. Mmoja alikuwa na kisu chenye mpini wa mti. Mwenziwe alikuwa na cha mpini wa pembe, na noleo lake jeupe liking'aa kama fedha. Kila mmoja alisema kuwa kisu cha mwenzake hakifai mwituni. Walitutaka tuwaamue, tukashindwa, kwani hatukujua asili ya visu vyenyewe. Tangu hapo tumeuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tufahamiane juu ya majina. Kisu cha ala, ambacho mababu zetu Wakwere na Wazaramo walikijua, hakina siri: msuka wa chuma umeingia katika mpini wa mti, na mahali hapo pamekazwa kwa pete ya chuma au shaba, ndiyo noleo, ili mti usipasuke. Kisu cha kukunja ni kazi ya namna nyingine. Ubapa wake huzunguka juu ya msumari mmoja tu, na mgongoni mna kamani, yaani chuma chembamba chenye kurudi kama upinde, kinachouzuia ubapa usijifunge wenyewe. Nguvu zote za mkono hulemea msumari ule. Basi noleo la kisu cha kukunja si pambo, bali ndilo linaloushika msumari huo. Asiyelitazama noleo anaponunua amenunua rangi ya mpini tu.

Na hiyo kamani ina historia yake. Katika karne ya 18 alikuwako Uingereza fundi wa saa, jina lake Benjamin Huntsman. Alichoshwa na chuma kibaya kilichokatika katika kamani za saa zake, akajaribu kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, katika moto mkali sana, mpaka kikawa sawasawa ndani na nje. Alifaulu miaka ya 1740, karibu na mji wa Sheffield. Mji ule ulikuwa wa wafua visu tangu zamani, nao kwa chuma hicho ukajulikana dunia nzima. Hivyo chuma kilichotafutwa kwa ajili ya saa ndicho kilichokuja kukata nyama.

Lakini kisu hakiuziki kwa ubapa peke yake, maana mnunuzi huanza kutazama mpini, na hapo ndipo Bagamoyo inapoingia katika habari hii. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka Unyamwezi na nchi za maziwa, ikipita Ukwere, ikavuka Ruvu, ambao wageni wa siku zile waliuita Kingani, na kuzitua pembe za ndovu Bagamoyo. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama ratili 35. Tusidhani kwamba kila aliyechukua pembe alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwamo, na biashara yao ilikuwa mbaya mno, lakini wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waungwana wenye kupatana ujira wao, tena hodari wa kugoma wakipunjwa. Kutoka Bagamoyo pembe zilivushwa kwa majahazi mpaka Unguja, na kutoka huko zikaenda Bombay, London na Marekani. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, zilipasuliwa kuwa vibao vya kinanda, na kijiji kimoja kikaitwa Ivoryton, maana yake Mji wa Pembe. Nyingine zilifika Sheffield. Kiwanda cha Joseph Rodgers, ambacho alama yake ni nyota na msalaba, kilisifiwa kwa ghala yake ya pembe, na mafundi wake wakazichonga mipini ya visu vya mezani na vya mfukoni.

Pembe za Afrika ya Mashariki zilipendwa kwa kuwa laini, na fundi huzichonga pasipo kuvunjika. Lakini uzuri wa dukani si uzuri wa mwituni. Pembe ya ndovu hunyonya unyevu na kuutoa. Katika joto letu, baada ya masika na kiangazi vichache, hupata nyufa, mara nyingi penye msumari. Tena, ikisuguliwa sana huteleza mkononi wenye damu. Wenye kujua walitia pembe katika visu vya kukatia kalamu na karatasi, si vya kuchunia ngozi. Na hesabu nyingine ni ya ndovu wenyewe: biashara ile ilisukuma wawindaji mbali zaidi na pwani mwaka kwa mwaka, mpaka serikali ya Wajerumani ikatoa amri ya kulinda wanyama mwaka 1896. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi. Kwa hiyo mtu akikuletea leo kisu cha mpini wa pembe ya ndovu, jihadhari, kwani kuwa nayo bila kibali ni kosa katika Tanzania.

Hata hivyo, mara nyingi si ya ndovu. Sisi wenyewe tuliwahi kununua kisu katika duka moja, tukaapiwa kuwa ni pembe halisi. Tulipokitazama kwa kioo cha kukuzia tuliona vitundu vidogo vyeusi, ndiyo mapito ya damu, tukajua kuwa tumeuziwa mfupa wa ng'ombe. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Penye mkato wake pana mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Wala mfupa si mbaya. Ukichongwa matuta-matuta na kutiwa rangi hushikika vema, nao ulianza kufanywa hivyo ili uigize pembe la kulungu wa Bara Hindi, ambalo mabwana wawindaji walilipenda kwa ukwaru wake. Tulichochukia ni ule uongo na bei yake.

Pembe la ng'ombe au nyati ni rahisi na zuri kwa macho, lakini hujipinda likikaa juani, na wadudu hulitoboa likisahauliwa sandukuni.

Sasa twaja kwenye mti. Mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mnyama wa msitu wa Ituri, katika Kongo ya mashariki, ambaye Wambuti walimjua tangu kale, yaani okapi. Mwaka uliofuata, 1902, katika Ujerumani kilianza kufanywa kisu cha kukunja kilichoitwa Okapi, nacho kilikusudiwa hasa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa mwezi na nyota, na vingine vina pete mgongoni ya kuvuta ili ubapa uliojifunga wazi upate kulegea. Hakikuwa na pembe wala noleo la kung'aa. Kilikuwa rahisi, nacho kimewazidi umri Wajerumani waliokileta, maana utawala wao ulikwisha katika vita ya 1914 hadi 1918, na kisu kikaendelea kuuzwa. Baadaye kazi yake ilihamia Afrika ya Kusini.

Katika miti, sisi twausifu mpingo kuliko yote. Ni mzito hata huzama majini, una mafuta yake ndani, haunyonyi maji upesi, na mchwa huuchukia. Ubaya wake ni kwamba fundi akitoboa tundu la msumari kwa haraka hupasuka, na patasi yake haikai na makali.

Katika manoleo kuna ya chuma, ya shaba ya manjano, na yale meupe yanayoitwa fedha ya Kijerumani. Jina hilo limewadanganya wengi, kwani ndani yake hamna fedha hata kidogo: ni shaba nyekundu, zinki na nikeli vilivyoyeyushwa pamoja. Halishiki kutu, na kwa mtu wa Bagamoyo au Saadani anayepigwa na upepo wa chumvi hilo ni jambo kubwa. Lakini ni laini kuliko chuma, na likigongwa sana tundu la msumari hupanuka. Shaba ya manjano hutoa ukungu wa kijani ukiikatia ndimu au kuiacha na damu. Chuma hushika kutu, ila ndicho kigumu kuliko vyote, na kitambaa chenye mafuta kidogo chatosha kukitunza.

Yote haya yana maana gani kwa mtu wa Vigwaza? Wenyeji wengi wa pwani ni Waislamu, na mnyama aliyepigwa akikutwa angali hai hana budi kuchinjwa upesi kwa kisu kikali, ama sivyo nyama haliwi, na taabu ya siku nzima imepotea. Mtu anayehangaika kufungua kisu kwa kucha zilizolowa atamkuta mnyama amekwisha kufa. Na kamani ikiwa dhaifu, au noleo likilegea, ubapa hujifunga juu ya vidole vya mchinjaji. Tumeona mkono wa mtu aliyepoteza ncha ya kidole cha shahada kwa njia hiyo, na kisu chake kilikuwa cha mpini mzuri sana.

Kwa hiyo tuliporudi Vigwaza tuliwaambia wazee wale maneno haya. Kwa kuchinja, kisu cha ala hakina mshindani, na kila aendaye kuwinda kwa kibali awe nacho kiunoni. Cha kukunja ni cha kuchunia na kukatia kamba. Katika hicho, mpini wa mti wenye noleo la chuma umeshinda mwituni, na ule wa pembe wenye noleo jeupe ukae pwani pamoja na mwenyewe. Mzee wa kisu cha pembe hakukubali. Alikifungua, akaushika ubapa kwa vidole viwili na kuutikisa kulia na kushoto mbele yetu, nao haukucheza hata kidogo. Tukakitazama tena: noleo lile jeupe lilikuwa gamba tu, na chini yake mlikuwa na chuma.