Kuta za Chokaa za Malindi na Mambrui

Shajara ya safari ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, inautaja mji huo kuwa wa nyumba ndefu zenye madirisha mengi na zilizopakwa chokaa vizuri. Weupe huo haukuwa rangi kwa maana ya leo, yaani kitu kinachopakwa juu ya ukuta uliokwisha kukamilika. Ulikuwa sehemu ya ukuta wenyewe, na waashi wa Malindi, wa Gedi na wa Mambrui, mji wa pwani ulio kaskazini mwa Mto Sabaki katika Magarini, waliupata kutokana na matumbawe yale yale waliyojengea.

Mawe hayo yalipangwa juu ya rundo la magogo, yaani tanuu, yakachomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi mpaka hewa ya kaboni iliyofungika ndani yake ikatoka. Kisha yalimwagiwa maji, yakachemka na kumomonyoka, na chokaa iliyopatikana ikalowekwa na kuachwa iive kwa miezi. Ulaini wa ukuta ulitegemea subira hiyo kuliko mkono wa fundi, ingawa sifa huenda kwa fundi siku zote, kwa kuwa punje isiyopata maji ya kutosha hufura ikiwa tayari ukutani, ikabandua kibanzi na kuacha kitobo, hata kama uso ulikuwa umenyooshwa kama kioo.

Kabla ya lipu ukuta uliloweshwa, maana tumbawe kavu huyanyonya maji ya chokaa kabla haijashika. Ilifuata lipu ya chokaa na mchanga ya kuziba mashimo, na mwisho niru, yaani tabaka jembamba la chokaa safi, lililosuguliwa likiwa bado bichi. Na kwa kuwa mahali palipokutana chokaa kavu na mbichi hubaki na alama, upande mmoja wa ukuta mpana ulipaswa kumalizwa kwa mkupuo mmoja. Huko Gedi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua magofu mwaka 1948, jahazi lililokwaruzwa katika lipu limeipa nyumba moja jina lake, na katika kaburi la nguzo la Mambrui zilipachikwa bakuli za kaure za Kichina.

Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, ngoja ngoja ya tanuu ilipoteza thamani, kwani saruji hushika kwa saa chache. Lakini lipu ya saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe, chumvi ikasukuma kutoka ndani, na rangi ya kopo iliyopakwa juu yake ikabambuka. Mwenye nyumba ya kale anayekusudia kuikarabati na aloweke chokaa yake miezi kadhaa kabla ya kumwita fundi.