Panki wa kweli ni yupi?

Ukimtajia Mtanzania neno panki, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Panki ni mtindo wa nywele, ndugu yake kiduku, na baba akikuona nao anauliza kama shule umeacha. Kule lilikotoka neno hilo, panki ni muziki, ni mavazi, ni msimamo wa maisha. Na wenyewe wana ugomvi ambao haujaisha mpaka leo: nani wa kweli na nani anaigiza? (Nitawaita watu wa panki. Nikisema mapanki, ndugu zangu wa Mwanza watadhani nazungumzia mabaki ya sangara.)

Nimesoma sana habari za enzi hizo, na wakongwe wengi wanaimba wimbo mmoja: zamani ilikuwa kweli tupu, halafu wafanyabiashara wakaja kuharibu. Jamani, hadithi hiyo hainiingii akilini. Panki ya London ilizaliwa dukani.

Duka lenyewe lilikuwa namba 430, barabara ya King's Road, mali ya Malcolm McLaren na Vivienne Westwood. Mwaka 1971 liliitwa Let It Rock. Mwaka 1974 likaitwa SEX, na mwaka 1976 likageuka kuwa Seditionaries. Glen Matlock, mpiga besi wa kwanza wa Sex Pistols, alikuwa akiuza humo siku za Jumamosi. John Lydon, yule Johnny Rotten, alichukuliwa mwaka 1975 baada ya kuonekana maeneo hayo amevaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandika kwa mkono wake kwamba anawachukia. Bendi ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1975 katika chuo cha sanaa cha St Martin's. Tazama tena jina la bendi, kisha tazama jina la duka. Kama hilo si tangazo la biashara, basi sijui tangazo ni nini.

Hata nguo zilizochanika hazikuanzia London. Richard Hell alikuwa akizivaa New York, kwenye klabu ya CBGB iliyofunguliwa mwaka 1973. McLaren alipita huko akiwa na bendi ya New York Dolls, akaona, akarudi na wazo begani.

Je, basi yote yalikuwa usanii? Hapana, na hapa ndipo wanaocheka panki wanapokosea. Mwaka 1976 Uingereza (ndiyo, Uingereza) ilipiga hodi IMF kuomba mkopo. Vijana wa mitaani hawakuwa na kazi, na bei za duka la McLaren hawakuziweza. Walichukua mkasi, pini za nepi, mifuko ya taka na makoti ya mitumba, wakajishonea wenyewe. Tena kuvaa vile kulikuwa na gharama. Baada ya Sex Pistols kutukana kwenye televisheni katika kipindi cha Bill Grundy, tarehe 1 Desemba 1976, kumbi nyingi zilifuta maonyesho yao. Juni 1977, wimbo wao wa kumkejeli Malkia ukiwa umetoka, Lydon alivamiwa na kukatwa nje ya baa. Mtu havumilii visu kwa ajili ya tangazo la suruali.

Kwangu mimi mtu anayeueleza mkanganyiko huu vizuri kuliko wote ni dada mmoja ambaye huku kwetu hatajwi kabisa, ingawa damu yake nusu ni ya Afrika Mashariki. Marianne Joan Elliott-Said alizaliwa mwaka 1957, baba Msomali, mama Mwingereza, akakulia Brixton. Tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliwaona Sex Pistols huko Hastings. Akatoka pale akatafuta wenzake kwa tangazo la gazetini, wakaunda X-Ray Spex. Jina lake la jukwaani akalichagua mwenyewe: Poly Styrene. Ile plastiki! Wakati wenzake wanagombania nani halisi, yeye alijiita kwa jina la kitu cha kiwandani na kutwa kinachotupwa jalalani. Alivaa rangi kali zinazoumiza macho, na waya za kunyoosha meno hakuzificha. Yeye naye aliuza nguo kwenye kibanda cha soko hapo hapo King's Road. Mwaka 1977 akatoa wimbo wa "Oh Bondage Up Yours!", wakati barabara ile ile Seditionaries wanauza suruali zenye mkanda wa kufunga goti na goti.

Msichana mweusi, mnene kidogo kwa vipimo vya matangazo, anapiga kelele jukwaani mwaka 1977, mwaka ambao wabaguzi wa National Front wanaandamana London. Nani atamuuliza risiti ya uhalisi? Alifariki Aprili 2011.

Yaliyofuata mnayaona wenyewe. Mwaka 1977 huo huo mbunifu Zandra Rhodes tayari alikuwa anauzia matajiri magauni yenye pini. Versace alifanya hivyo mwaka 1994. CBGB ilifungwa mwaka 2006 kwa ugomvi wa kodi, na mwaka 2008 jengo likawa duka la nguo la John Varvatos. Mwaka 2015 Virgin Money walitoa kadi za mkopo zenye picha za Sex Pistols. Kadi za mkopo, bwana!

Novemba 2016, Joe Corré, mtoto wa McLaren na Westwood, alipandisha kwenye mashua mtoni Thames nguo na kumbukumbu za panki alizosema zina thamani ya pauni milioni 5, akazichoma moto. Alikuwa akipinga sherehe za miaka 40 ya panki. Wengine walimpongeza. Mimi nilijiuliza tu ni nani mwingine angeweza kuchoma pauni milioni 5 ili kuthibitisha kwamba hajali pesa.

Halafu kuna kijana wa Dar aliyevaa fulana ya Ramones kutoka kwenye mtumba. Ukimuuliza, atakwambia ile ni nembo ya jeshi la Marekani, na hayuko mbali sana, maana Arturo Vega aliichora akiiga nembo ya rais. Msomi wa muziki atamcheka. Lakini huyu kijana amenunua kilichokuwa rahisi, akakivaa anavyotaka, na hicho ndicho walichofanya vijana wa 1976.

Desemba 2011, huko Aceh, Indonesia, polisi walivamia onyesho la panki lililoandaliwa kuchangia yatima. Walikamata vijana zaidi ya 60, wakawanyoa vichwa, wakawavua minyororo, wakawaogesha ziwani, na kuwapeleka kwenye kambi ya polisi kwa siku 10 ili waadilishwe. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Waliachiwa wakiwa na vipara.