Giligilani, Dania na Kotmiri: Asili ya Majina ya Mmea Mmoja

Mmea ambao kitaalamu huitwa Coriandrum sativum, jina lililosajiliwa na Carl Linnaeus mwaka 1753, una majina matatu katika Kiswahili, yaani giligilani, dania na kotmiri, na mawili kati yake yalianza kuwa majina ya mbegu kabla ya kuhamia kwenye majani.

Dania, jina linalotumika zaidi nchini Kenya, limetoka katika lugha za kaskazini mwa India, na mzizi wake ni neno la Kisanskriti dhanya, lenye maana ya nafaka. Hata hivyo, anayeulizia dania sokoni Nairobi hupewa fungu la majani mabichi ya kukatia kachumbari. Giligilani nalo laelekea kutokana na juljulan, neno ambalo kamusi za kale za Kiarabu hulieleza kuwa ni ufuta au mbegu za mmea huu, na ambalo j yake hutamkwa g katika baadhi ya lahaja za Oman na Yemen. Kotmiri ndilo lililo tofauti, kwani kothmir ya Kigujarati hutaja majani yenyewe.

Wagiriki wa kale nao waliuita mmea huu koriannon, na wengi wamelihusisha jina hilo na koris, yaani kunguni, kwa sababu ya harufu ya majani yake. Maelezo hayo yana walakini, kwa kuwa jina hilo limeonekana katika vibao vya kale vya udongo kutoka miji ya Knossos na Mycenae, ambavyo maandishi yake yalifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, na umbo lake la huko, koriadno-, linafanana na maneno yaliyorithiwa kutoka lugha zilizotangulia Kigiriki. Hata hivyo pua haikukosea, maana majani hayo yana aldehidi, kemikali za jamii ileile inayotolewa na kunguni.

Mbegu ikikauka, harufu hiyo hupotea na kubaki ile tamu ya bizari, na mbegu kavu huvumilia safari ndefu ya jahazi, ilhali jani hunyauka kabla ya siku chache kupita. Kwa hiyo yaelekea dania na giligilani zilifika Pwani zikiwa bidhaa ndani ya magunia, na kotmiri ikaja na watu waliopanda mmea wenyewe karibu na majiko yao.