Musa wa Anzuani na Goti Langu

Mwaka jana nilikatisha safari yangu ya miguu nikiwa Kigonsera. Nilitoka Songea mjini alfajiri, begi mgongoni, nia yangu ni kufika Mbamba Bay, ziwani Nyasa, zaidi ya kilomita 160. Nilishatangaza kwa kila mtu, na ofisini niliahidi makala za mfululizo. Siku ya tatu, nimekaa nje ya duka nakunywa soda, ikapita Coaster inayorudi Songea. Nikainyooshea mkono. Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nimechoka tu, nataka kulala kitandani kwangu.

Ofisini nikasema goti limegoma. Wiki nzima nikawa nachechemea mbele za watu. Mama ndiye aliyenibamba: "Mwanangu, mbona jana lilikuwa goti la kulia?" Akanipakulia ugali, hakuuliza tena.

Ni katika siku hizo nilipomkumbuka Musa.

Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Alifuata bonde la Ruvuma, mto huu huu unaochimbuka kwenye milima ya Matogoro, nje kidogo ya mji wetu. Alikuwa na askari 13 kutoka India, vijana 9 waliosomeshwa Nasik, watu wachache aliowajua tangu zamani, akiwemo Susi na Chuma, na watu 10 kutoka Anzuani, kisiwa cha Komoro ambacho Waingereza walikiita Johanna. Kiongozi wa hao Waanzuani ni Musa. Kulikuwa pia na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, na wanyama hao walikwisha mmoja mmoja. Njaa ikawabana. Julai, Livingstone akawarudisha wale askari wa India. Agosti akafika Ziwa Nyasa, akazunguka upande wa kusini.

Septemba, magharibi ya ziwa, walikutana na Mwarabu aliyewaambia kwamba mbele kumejaa Mazitu, na kwamba wenzake wameuawa. Hao "Mazitu" ni Wangoni. Sisi wa Songea tunalijua hilo vizuri. Wazee wao walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiwa na Zwangendaba, na alipofia Ufipa wakagawanyika: wengine wakaenda magharibi ya ziwa, wengine wakaja kutua huku kwetu. Kwa hiyo waliomtia Musa hofu ni ndugu wa babu zetu, na hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Vijiji vilivyohamwa kwa kuogopa mashambulizi vilikuwepo kweli.

Livingstone alimpeleka Musa kwa chifu wa pale, Marenga, ambaye alisema njia watakayopita haina Mazitu. Musa hakushawishika. Alisema anataka kurudi kwao kuwaona wazazi wake na mtoto wake. Safari ilipoanza tena, yeye na wenzake wakaweka mizigo chini, wakaondoka.

Mpaka hapo, kusema kweli, mimi namwelewa. Safari ilikuwa ya Livingstone. Yeye ndiye aliyetaka kujua mito inaanzia wapi. Musa alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi ana haki ya kuuliza kama ujira wake unatosha kufa. Isitoshe, habari zake tunazipata kwenye daftari la bwana aliyemwacha. Yeye hakutuandikia upande wake.

Lakini Desemba 1866 Musa alifika Unguja na kusema kwamba Livingstone ameuawa na Mazitu. Akasimulia na mapigano yenyewe. Ubalozi wa Uingereza ukaamini, na mwaka uliofuata habari zikafika London. Roderick Murchison wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia alikuwa na mashaka. Akatumwa Edward Young, aliyemfahamu Musa tangu safari ya Zambezi, aje hadi Ziwa Nyasa mwaka 1867. Wenyeji wakamwambia kwamba yule Mzungu alipita, na alikuwa mzima.

Kwa nini alidanganya? Nadhani ni hesabu rahisi. Aliyetupa mzigo njiani anadaiwa maelezo. Aliyefiwa na bwana wake anapewa pole. Hata mimi goti lilinipatia pole nyingi sana.

Susi na Chuma waliendelea. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Mei 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wanastahili kila sifa. Na mji wetu unajua kuwaenzi walioshikilia hadi mwisho: kila Februari tunakwenda Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Ila kwa kila msafara uliofika kuna watu waliogeuka, wakaenda kulima, kulea, kuvua samaki. Hao hatuna neno lao zaidi ya "woga". Labda ndiyo maana tukigeuka tunatafuta Mazitu wa kusingizia. Kwa kurudi kwake, Musa hakumpunguzia mtu kitu. Uongo wake ndio uliovusha watu bahari kumtafuta mtu aliye hai, na ndio uliolifanya jina lake libaki vitabuni kama jina la mwongo.

Jumatatu iliyofuata nilimwendea mhariri wangu. Nikamwambia goti halina shida, nilichoka tu nikapanda gari. Akaniangalia, akacheka, akasema kuna kikao cha madiwani saa nne na hakuna wa kwenda. Nikachukua daftari. Nilikwenda kwa miguu, nikafika mapema.