Mpishano, Si Mfungo

Nililetewa rasimu ya kijitabu cha afya ya kinywa kinachomwambia mzazi kwamba mwanawe ana "mfungo mbaya wa meno". Nilisoma mara mbili. Kwa Mswahili mfungo ni saumu, na Mfungo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani. Mtoto huyo kakosa nini, daku?

Kosa lilikotoka nakujua. Wanakamati waliokiandaa kijitabu walifukua Kilatini, wakakuta occludere, yaani kufunga, wakafasiri mzizi wakaliacha jambo lenyewe. Edward Angle, Mmarekani aliyeyapanga matatizo haya ya meno ya juu na ya chini kutokutana sawasawa katika madaraja matatu mwaka 1899, alitazama gego la kwanza la juu linakutana vipi na mwenzake wa chini. Aliuliza habari za kukutana.

Na kwa Kiswahili, wasiokutana wamepishana. Pita, pisha, pishana, mpishano: t imelainika ikawa sh, kama k ya waka inavyolainika katika washa, kisha -ana ikawaleta wawili. Magari hupishana, wageni hupishana mlangoni, wazee hupishana kauli. Wote wamefika, ila kila mmoja kashika njia yake. Meno ya juu yakitangulia kupita kiasi, yamepishana na ya chini. Taya la chini likichomoza mbele, yamepishana vilevile. Neno lilikuwapo hata kabla ya kamati kulipwa posho.

Mwenzangu mmoja hupinga: katika daraja la kwanza magego hukutana barabara, mpishano uko wapi? Uko mbele, bwana, meno yalikopandana kwa kukosa nafasi. Huyo ndiye aliyetuletea "kasoro ya ung'ato", kana kwamba daktari anatibu mbwa.

Lililoniudhi zaidi katika kijitabu hicho ni mwanya kuitwa pengo. Pengo huachwa na jino lililong'oka. Mwanya ni nafasi kati ya meno yaliyopo, na pwani mtu husifiwa kwa mwanya wake. Kauweka nani kwenye orodha ya magonjwa?

Matumizi ni mepesi: "mtoto ana mpishano wa meno, daraja la pili", daktari akaendelea na nyaya zake.

Haya yote niliiandikia kamati kwa barua, kurasa nne. Nilijibiwa kwamba mapendekezo yamepokelewa kwa shukrani. Wiki mbili baadaye kijitabu kikatoka kiwandani, na mfungo wake, na pengo lake.