Morty Mwenye Kiraka: Nasaba na Utawala katika Nadharia za Mashabiki wa Rick and Morty

Rick and Morty, katuni ya watu wazima iliyobuniwa na Justin Roiland na Dan Harmon, ilianza kurushwa na kituo cha Adult Swim nchini Marekani Desemba 2013. Ina mashabiki wanaoitazama kwa jicho la mpelelezi. Makala haya yanadai kwamba nadharia yao mashuhuri kuliko zote ilipotoka, na kwamba upotofu wake una maana: ilitafuta undugu wa damu mahali ambapo hadithi ilikuwa ikizungumzia utawala.

Chanzo chake ni sehemu ya kumi ya msimu wa kwanza, ya mwaka 2014. Katika malimwengu yasiyo na idadi, kila Rick, mwanasayansi mlevi, ana mjukuu wake Morty, kijana wa miaka 14. Akina Rick wamejijengea mji wao, Citadel, na huwatumia akina Morty kama ngao, kwa kuwa mawimbi ya ubongo wa mjukuu huyaficha ya babu yasinaswe na maadui. Mwishoni tunagundua kwamba Rick mmoja muuaji, aliyekuwa akisakwa katika sehemu hiyo, aliendeshwa kwa mtambo na Morty mmoja mwenye kiraka jichoni. Anakivua kiraka chake na kupotelea katika umati wa wenzake.

Mashabiki wakaamua: huyu ndiye Morty wa asili wa Rick tunayemfuata, mjukuu aliyetelekezwa. Ushahidi wao haukuwa wa kubeza. Katika sehemu hiyohiyo, kumbukumbu za Rick zinamwonyesha na Morty akiwa mchanga, ilhali tumeambiwa aliihama familia kwa takriban miaka 20. Hesabu hizo hazipatani.

Lakini tazama kilichofuata. Katika “The Ricklantis Mixup”, Septemba 2017, Morty huyo anagombea urais wa Citadel na kushinda. Sehemu hiyo haigusi kabisa ukoo wake. Inatuonyesha polisi wala rushwa, shule inayowaandaa akina Morty kugawiwa mababu wapya, na kiwanda cha biskuti ambamo Rick mmoja mpole amefungwa kwenye mashine akikumbushwa bintiye, ili furaha yake ikamuliwe na kutiwa katika biskuti. Kibarua anayeasi humo anaishia kufungwa kwenye mashine hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hakuna dakika ishirini za katuni ya Kimarekani ya muongo ule zilizochambua matabaka kwa ukali kama hizi. Bado swali lililotawala mijadala lilikuwa: ni mjukuu wa Rick yupi?

Jibu lilikuja Septemba 2021. Akina Rick walikuwa wamepanga hata kukutana kwa wazazi ili akina Morty wazaliwe kwa wingi, na malimwengu yao yamezungushiwa ukuta unaobakiza yale tu ambamo Rick ndiye mwerevu kuliko wote. Morty mwenye kiraka hana siri ya nasaba. Amechoka kutawaliwa, basi, na anauvunja ukuta aondoke. Nadharia ya mashabiki ingemfanya mtoto mwenye kinyongo na babu yake. Hadithi ilimfanya raia mwenye madai dhidi ya mfumo mzima.

Haki yao wapewe, hata hivyo. Aprili 2017 Rick alionyesha kumbukumbu ya kuuawa kwa mkewe Diane, kisha akadai ameitunga. Waliokataa kumwamini walithibitishwa kuwa sahihi mwaka 2021. Walikuwa hodari wa kusoma msiba, dhaifu wa kusoma dola.

Udhaifu huo unahusiana na hisia ya umiliki. Aliyezoea kufumbua mafumbo huanza kuiona kazi kuwa yake, na mwandishi kuwa mpangaji tu. Mwaka huohuo wa 2017 baadhi ya mashabiki waliwaandama mtandaoni waandishi wanawake waliojiunga na msimu wa tatu, na Harmon akawakemea hadharani. (Vurumai ya Oktoba kwenye migahawa ya McDonald’s, kugombea mchuzi uliotajwa kwa mzaha katika katuni hii, ni kioja kidogo kando ya hilo.)

Uhakiki wa katuni hii hauna budi kuachana na swali la ukoo. Kiwanda cha biskuti kinatueleza vizuri zaidi kwa nini Morty mwenye kiraka aliasi kuliko kumbukumbu yoyote ya utotoni.