Sitara na Kimya katika Kazi za Rigoberto González

Neno sitara halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa pwani, maana kila aliyelelewa katika nyumba yenye adabu alifundishwa mapema kwamba siri ya nyumba haivuki kizingiti, na kwamba mwana atangazaye makosa ya baba yake amejivua nguo yeye kabla ya kumvua mzazi. Kwa mizani hiyo Rigoberto González, mshairi wa Marekani mwenye asili ya Meksiko, angehesabiwa mtovu wa haya, kwa kuwa ameandika waziwazi ulevi wa babaye, mapigo aliyoyapata kwa mpenzi wake, na huba yake mwenyewe kwa wanaume. Nadai kwamba hukumu hiyo ni ya haraka: alichokivunja si sitara bali ni kimya, na vitu viwili hivi aghalabu twavichanganya.

Alizaliwa mwaka 1970 huko Bakersfield, California, akalelewa Zacapu, mji wa jimbo la Michoacán nchini Meksiko, katika ukoo wa vibarua wa mashamba ambao nasaba yao yafika kwa Wapurépecha, wenyeji wa kale wa nchi ile. Watu wake walivuka mpaka wakienda na kurudi, wakifuata mavuno, na naye alikulia miongoni mwa mikono iliyochuma zabibu katika jua kali la kusini mwa California. Alikuwa na miaka 12 mama yake alipofariki. Baba akaoa tena, na wana wakabaki kwa babu. Kilichomtoa shambani ni vitabu, vikampitisha katika vyuo vikuu vya Riverside, Davis na Arizona State, hata akawa profesa wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Newark.

Tawasifu yake ya mwanzo, Butterfly Boy, ilitoka mwaka 2006 ikatunukiwa American Book Award. Jina lake lasimama juu ya neno la Kihispania mariposa, yaani kipepeo, ambalo pia ni tusi la kumwitia mwanamume apendaye wanaume wenziwe. Nasi tunalo neno la namna hiyo: shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi barazani, ndilo hilo hilo hutupwa njiani kama jiwe kwa kijana apitaye. González alilifanyia tusi lile jambo ambalo sijaliona kwingi, yaani hakulikana wala hakulisafisha, bali alilirudisha kwao. Kwani Michoacán ndiko kwenye misitu ambayo kila majira ya baridi hupokea vipepeo waliotoka Kanada na Marekani, wakasafiri maelfu ya kilomita, na kwa hiyo yule aliyetukanwa kwa jina la kipepeo alikwisha kuitwa, pasipo mtukanaji kujua, kwa jina la msafiri arejeaye nyumbani.

Na safari ndiyo uti wa kitabu. Kijana wa miaka 20, akimkimbia mpenzi aliyemzidi umri na kumpiga, apanda basi pamoja na baba yake kuelekea Michoacán, nao wakaa bega kwa bega mchana na usiku, wawili ambao hawajapata kuambiana neno la maana, mmoja akiwa na alama za mapigo chini ya shati na mwingine akiwa na miaka ya kutokuwapo kwake. Katikati ya sura mwandishi amepachika minong'ono mifupi amwambiayo yule mpenzi aliyeachwa, hata msomaji asadiki kwamba kiti kile kimoja chakaliwa na wanaume wawili, baba na mpigaji, na kwamba kijana awapenda wote wawili pasipo kusalimika kwa yeyote. Atakayeisoma kuwa habari ya mapenzi tu ataikosa nusu yake, na vivyo hivyo atakayeisoma kuwa habari ya wahamiaji tu.

Je, baba amefedheheshwa? La, naona amepewa heshima ya kutazamwa. Mwana hakujiwekea mahali pa juu pa kuhukumia; unyonge wake ameuanika kwanza, na ukali wake kwa baba ni ukali wa mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe hali. Sitara humkinga aliye dhaifu, ilhali kimya kilichokuwamo katika nyumba ile kilimkinga mwenye mkono mzito tu.

Hoja hii yazidi kudhihirika katika diwani yake Unpeopled Eden, iliyotoka mwaka 2013 na kupata tuzo ya Lenore Marshall mwaka uliofuata. Shairi linaloipa diwani jina lake larejea ajali ya ndege ya Januari 1948 katika bonde la Los Gatos, California, iliyoua watu 32, na 28 kati yao walikuwa Wameksiko waliokuwa wakirudishwa kwao. Magazeti yaliwataja kwa majina wale wanne wengine. Hao 28 waliitwa wafukuzwa tu. Walizikwa Fresno katika kaburi moja, na jiwe lililowekwa juu yao lilisema idadi na uraia, basi. Hakuna awezaye kukiita kimya kile sitara. Mwaka ule ule wa 2013, mwezi wa Septemba, pale makaburini palizinduliwa jiwe jipya, nalo lina majina yote 28.